Mashindano ya wanawake ya Charleston yameishije zaidi ya miaka 50? Jibu kwa mwalimu wa Kisumu

SWALI: Kocha, habari za Nakuru? Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Kisumu. Kila Aprili tunaandaa mashindano madogo ya tenisi ya wasichana. Mdhamini wetu amejitoa, na sasa kamati inataka tuyaunganishe na ya wavulana. Kwenye runinga nimeona mashindano ya Charleston kule Marekani: wanawake watupu, uwanja umejaa pomoni, na udongo wa kijani. Mtangazaji akasema yalianza 1973. Nani aliyaanzisha? Yamewezaje kudumu bila wanaume? Na mbona udongo ule ni wa kijani?

JIBU: Habari za huku ni njema, mwalimu, ila vumbi. Umeuliza matatu, lakini naona la nne ndilo linalokunyima usingizi, nalo ni hiyo kamati yako. Nitalifikia.

Kwanza nikuondolee dhana moja. Ukiona mashindano ya wanawake peke yao yakijaza uwanja, ni rahisi kudhani kuna watu wakarimu walioamua kuwasaidia akina dada. Hapana. Charleston ilizaliwa na biashara, ikalelewa na biashara, na kila ilipobadilisha mikono ilichukuliwa na mtu aliyekuwa na faida yake anayoitafuta. Sisemi hivyo kwa ubaya. Nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya kuwa hai hadi leo.

Turudi nyuma kidogo, hadi 1970. Mchezaji wa zamani Jack Kramer alikuwa akiandaa mashindano ya Pacific Southwest kule Los Angeles. Bingwa wa wanaume alitengewa dola 12,500, bingwa wa wanawake dola 1,500. Billie Jean King, Rosie Casals na wenzao wakakataa. Wakamwendea Gladys Heldman, mama aliyekuwa mwenye jarida la World Tennis na mhariri wake. Heldman akawaandalia mashindano yao huko Houston, Texas, wiki ileile ya Los Angeles. Tarehe 23 Septemba 1970 wachezaji tisa walitia saini mikataba ya dola moja moja, huku shirikisho la tenisi la Marekani likitishia kuwafungia. Kitita chote kilikuwa dola 7,500. Casals akawa bingwa baada ya kumbwaga Judy Dalton wa Australia kwenye fainali.

Pesa zilitoka wapi? Kwenye sigara. Kampuni ya Philip Morris ilikuwa na sigara mpya ya wanawake, Virginia Slims, na kuanzia tarehe 2 Januari 1971 matangazo ya sigara yalipigwa marufuku kwenye redio na runinga za Marekani. Kwa hiyo pesa za matangazo zilikuwapo, ila pa kuzipeleka hapakuwa. Heldman akazionyesha njia. Mwaka 1971 kukawa na msururu mzima wa mashindano ya wanawake, mji hadi mji, yakibeba jina la sigara. Leo tunaweza kukunja uso, na mimi hukunja, lakini bila moshi ule sijui tungekuwa tunazungumzia nini hapa.

Sasa ndipo tunafika 1973, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, maana ndipo penye siri ya jibu lako.

Kisiwa cha Hilton Head kiko South Carolina. Sea Pines ni sehemu ya kisiwa hicho, mahali pa watu wenye nafasi wanaokwenda kupumzika ufukweni, wakicheza gofu asubuhi na tenisi jioni. Hapo ndipo mashindano yalipoanza, yakiitwa Family Circle Cup. Family Circle lilikuwa jarida la akina mama wa nyumbani: mapishi, ushonaji, malezi, namna ya kubana matumizi. Halikutegemea wauza magazeti wa barabarani. Lilikuwa likiuzwa supamaketi, pale penye keshia. Fikiria foleni ya supamaketi hapo Kisumu jioni ya mwisho wa mwezi: mama ana unga, mafuta na sabuni kwenye toroli, mtoto anavuta sketi, na kando ya mkono wake kuna rafu ya peremende na vitu vidogo. Jarida lile liliishi kwenye rafu hiyo. Mwenye jarida alijua kabisa ni nani anashika pochi.

Kwa mtu kama huyo, mashindano ya wanawake yalikuwa tangazo lililolenga shabaha. Wanaume hawakuwa na cha kumwongezea. Isitoshe, jina la jarida la mapishi halikuwa na kizuizi chochote kwenye runinga, tofauti na jina la sigara. Kampuni ya NBC ikarusha mashindano hayo kwa taifa zima. Kitita kikawekwa dola 100,000, kiasi kikubwa mno kwa tenisi ya wanawake wakati huo.

Fainali ya kwanza ilikuwa kati ya wanawake wawili waliokuwa miongoni mwa wale tisa wa Houston: Rosie Casals na Nancy Richey. Casals, mfupi wa kimo na mwepesi wa miguu, alipoteza seti ya kwanza, akachukua ya pili, kisha akanyakua ya tatu 7-5. Hundi yake ilikuwa dola 30,000. Ili uone ukubwa wake, bingwa wa kike wa Wimbledon mwaka huohuo alipata pauni 3,000, na wa kiume 5,000. Miezi michache baadaye US Open ya New York ikawa Grand Slam (yaani moja ya mashindano manne makuu ya tenisi duniani) ya kwanza kuwalipa wanaume na wanawake sawa, na bingwa alipewa dola 25,000. Yaani Casals alilipwa zaidi kwenye kisiwa cha mapumziko kuliko bingwa wa New York. Chama cha wachezaji wa kike, WTA, nacho kiliundwa London Juni ya mwaka huo. Mwaka 1973 ulikuwa na mengi, lakini wengi hukumbuka tu mechi ya King na Bobby Riggs, bingwa wa zamani wa wanaume, iliyokuwa nusu mchezo na nusu sarakasi.

Kwenye mabingwa sitakaa sana, orodha ni ndefu. Chris Evert alilitwaa kombe mara nane, tano kati ya hizo mfululizo kuanzia 1974 hadi 1978. (Makala ya 1975 na 1976 yalihamishiwa Amelia Island, Florida, kisha yakarudi Hilton Head.) Martina Navratilova na Steffi Graf walishinda mara nne kila mmoja. Kwa Graf, hapo ndipo kila kitu kilipoanza: Aprili 1986, akiwa na miaka 16, alimlaza Evert kwa seti mbili kwenye fainali, na hilo likawa taji lake la kwanza kabisa la WTA. Evert alikuwa malkia wa udongo, na kisiwa kile kilikuwa kama sebule yake. Baadaye Graf alimaliza na Grand Slam 22. Serena Williams naye alishinda mara tatu, lakini mechi ninayopenda kuwaonyesha wachezaji wangu ni ile aliyoshindwa, fainali ya 2003 dhidi ya Justine Henin. Serena hakuwa amepoteza mechi hata moja mwaka huo. Henin, mwembamba kama ufito, alimzungusha kwa mpira wa mkono wa nyuma, mkono mmoja, hadi dunia nzima ikaona kwamba nguvu peke yake haitoshi kwenye udongo.

Waafrika? Wawili. Amanda Coetzer wa Afrika Kusini alishinda 1998, na Ons Jabeur wa Tunisia 2023. Kisa cha Jabeur ni kitamu zaidi kwa kuwa mwaka 2022 alifika fainali akalazwa na Belinda Bencic wa Uswisi katika seti tatu. Akarudi mwaka uliofuata, fainali ileile, mpinzani yuleyule, akamlipizia 7-6, 6-4. Ukimtazama Jabeur akiudondosha mpira nyuma tu ya neti huku mpinzani amesimama mbali, utaelewa kwa nini nasema udongo ni uwanja wa wenye akili. Waonyeshe wasichana wako video hizo badala ya servisi za kilomita 200 kwa saa ambazo hawataziweza.

Mashindano yalihama Hilton Head mwaka 2001 na kwenda Charleston, ambako jiji lilikuwa limejenga kituo cha tenisi kwenye Daniel Island. Uwanja mkuu unabeba zaidi ya watu 10,000, na siku zisizo za tenisi hukodishwa kwa matamasha ya muziki. Uwanja wa pili una jina la Althea Gibson, mzaliwa wa Silver katika jimbo hilohilo na mtu mweusi wa kwanza kushinda Grand Slam, Ufaransa 1956. Jina hilo halikuwekwa kwa mapambo, mwalimu. Gibson alizaliwa kwenye jimbo ambalo wakati huo asingeruhusiwa kukanyaga vilabu vingi vya tenisi.

Halafu wadhamini. Family Circle walishikilia jina la kombe kuanzia 1973 hadi 2015. Hebu tafuta mashindano mengine ya michezo, ya wanaume au ya wanawake, yaliyobaki na mdhamini mmoja muda wote huo, utatoka jasho. Walipoondoka, Volvo wakaingia 2016. Kwa nini kampuni ya magari ya Sweden ijali tenisi ya South Carolina? Kwa sababu mwaka 2015 ilikuwa imetangaza kujenga kiwanda chake cha kwanza cha Marekani karibu na Charleston. Ilitaka majirani waizoee. Sababu tena, unaona. Jarida lenyewe lilifungwa mwishoni mwa 2019, kombe lake likiwa bado linachezewa kwa jina jingine.

Mwaka 2018 mashindano yalinunuliwa na Ben Navarro, tajiri wa mjini humo na baba wa mchezaji Emma Navarro. Hapa nieleze jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui: kwenye tenisi ya kulipwa, wiki ni mali. Haki ya kuandaa mashindano wiki fulani huuzwa na kununuliwa kama shamba. Mashindano ya Houston, palipoanzia yote haya, yalikoma 1995. Ya udongo ya Berlin, yaliyokuwa ya ngazi moja na Charleston, yalimalizika 2008. Charleston nayo ingeweza kuuzwa ikahamia mji wa mafuta au Asia. Aliyeinunua alikuwa mtu wa palepale, ambaye watu wanamjua na anaona aibu mbele ya majirani zake. Alilipia ukarabati wa uwanja, kama dola milioni 50, ijapokuwa uwanja ni mali ya jiji. Tangu 2022 jina la kombe ni la Credit One, benki ya kundi lake mwenyewe. Mimi hilo la mwisho linanitia wasiwasi kidogo, maana mfuko wa mwenye mashindano na wa mdhamini ni mmoja, na ukitoboka hakuna wa pili. Lakini hadi sasa umemwaga pesa. Hata 2020, corona ilipofuta makala ya mwaka huo, Juni waliwaalika wanawake 16 wakacheza mechi za maonyesho bila watazamaji, ili runinga isizoee kukaa bila wao.

Kuhusu malipo: WTA ilitangaza 2023 kwamba mashindano makubwa yanayochezwa pamoja na wanaume yatalipa sawa ifikapo 2027, na yale ya wanawake peke yao ifikapo 2033. Charleston hawakungoja. Mwaka 2025 walitangaza kwamba kuanzia makala ya 2026 kitita kitapanda hadi dola milioni 2.5, kutoka kama milioni moja, ili kilingane na cha wanaume wa ngazi hiyo.

Sasa udongo. Ule haujapakwa rangi, na kusema kweli si udongo. Ni jiwe. Unachimbwa kwenye milima ya Blue Ridge huko Virginia, jiwe gumu la kijani-kijivu lililotokana na volkano za kale, likasagwa laini na kuchanganywa na jasi kidogo ili lishikane. Jina lake la kibiashara ni Har-Tru. Ule mwekundu wa Ufaransa ni matofali yaliyosagwa. Kwenye wa kijani mpira unakwenda kasi kidogo kuliko kwenye mwekundu, lakini mchezaji bado anateleza na bado mechi zinakuwa ndefu. Katika mashindano ya ngazi ya juu ya WTA, ni Charleston peke yake wanaoutumia.

Faida yake kubwa ni kwamba unakausha maji upesi. Hilo wewe wa Kisumu utalielewa kuliko mtu wa Ulaya. Viwanja vyetu vya zamani, vya shule na vya vilabu, vingi vilijengwa kwa murram na udongo wa kichuguu, na udongo wa kichuguu ukishanywa maji hauyatoi. Mvua ya saa tisa kutoka ziwani ikipiga kwa nusu saa, siku imekwisha. Ukilazimisha watu wacheze, viatu vinachimba mashimo utakayoyaziba hadi Juni. Kuagiza jiwe la Virginia ni ndoto, usiniulize bei. Linalowezekana ni kuupa uwanja mteremko mdogo sana wa upande mmoja, kuchimba mtaro pande zote mbili, kupiga rola ukiwa na unyevu (si ukiwa tope, si ukiwa mkavu), na kupitisha brashi ya magunia kila baada ya seti. Watunza viwanja wa Charleston hufanya karibu kazi hiyohiyo, ila wana mitambo. Na mistari yao haichorwi kwa chokaa. Ni utepe uliopigiliwa misumari. Utepe huo fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea kutokana na turubai, lakini hakikisha vichwa vya misumari vimezama, maana nimeona goti la mtoto likichanwa.

Tuje kwa kamati. Sitakudanganya kwamba kuunganisha ni dhambi. Wanawake wamefaidi sana Miami na Indian Wells, ambako wanacheza pamoja na wanaume mbele ya umati mkubwa. Lakini huko kuna mikataba, kuna runinga, kuna chama kinachopiga kelele. Kwenye mashindano madogo ya kwetu, nimeona kuunganisha kunavyoishia: wavulana wanapewa uwanja mzuri saa kumi jioni, wasichana wanacheza saa saba juani bila hata mwamuzi, na mwaka wa tatu fainali yao inachezwa seti moja "kwa sababu ya muda". Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Inatokea tu.

Kwa hiyo ukiweza, kaa peke yako, ila badilisha unayemwomba pesa. Nahisi mdhamini aliyejitoa alikuwa anakusaidia, na anayekusaidia hukuacha mambo yake yakibana. Tafuta mwenye jambo la kuuza kwa mama wa msichana: mwenye duka la sare za shule, mwenye saluni kubwa, mwuza vitabu, chama cha akiba cha akina mama wa sokoni. Mpe jina la kombe kwa miaka mitatu hata kama pesa ni kidogo. Miaka mitatu ya pesa kidogo inakujengea jina. Mwaka mmoja wa pesa nyingi unaisha na picha. Wiki yako usiihamishe hata kidogo, ingawa ni ya mvua. Watu wa Charleston wanajua bila kuambiwa kwamba Aprili ni tenisi.

Usiogope kumtaja Angella Okutoyi. Mwaka 2022 alishinda taji la wasichana la wachezaji wawili kwa wawili Wimbledon, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, na akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam. Mfanyabiashara asiyejua tenisi atakuwa amelisikia jina hilo redioni.

Na ikiwa kamati ina kura nyingi kukushinda, basi wakubali kwa masharti yaliyoandikwa: fainali ya wasichana Jumamosi saa kumi kwenye uwanja namba moja, seti zilezile, waamuzi walewale, zawadi zilezile, na pesa za mdhamini wa wasichana ziwe na daftari lake. Wasipotaka kuandika, umeshapata jibu lao.

Barua ya kwa mdhamini iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza mwambie ni wasichana wangapi walicheza mwaka jana, wametoka shule ngapi, na wazazi wangapi walikaa hadi fainali. Wahesabu kwa kweli, usikadirie. Ya pili, tarehe za mwaka ujao na jina la kombe likiwa tayari limeandikwa na lake. Kiasi unachoomba kikae mwisho, mstari mmoja, bila kusihi.